Nzige Wekundu wa Bonde la Rukwa

Msafiri ashukaye kutoka Sumbawanga kwa njia ya Lyamba lya Mfipa hata akafika Mtowisa, akiitazama mbuga ya nyasi itandayo mpaka ukingoni mwa Ziwa Rukwa, huona shida kusadiki kwamba uwanda mtulivu namna hii umo katika maskani machache ya nzige wekundu, ambao tangu mwaka 1930 hivi hata 1944 walitapakaa Afrika ya Mashariki na ya Kusini wakila mazao ya watu. Ziwa hilo halina mto utokao. Maji yake hujaa na kupungua, na yapunguapo huacha nyasi ambamo nzige hutaga.

Boris Uvarov, mzaliwa wa Urusi aliyefanya kazi London, alikwisha bainisha mwaka 1921 kwamba panzi mpweke na nzige wa kundi waweza kuwa mdudu mmoja, abadilikaye kwa kusongamana. Ofisi yake ikapokea khabari za nzige kutoka makoloni ya mataifa mbalimbali, ikazichora katika ramani; na dola zilizohusudiana kwa kila jambo jingine zikakutana Roma mwaka 1931, Paris 1932, London 1934, Cairo 1936 na Brussels 1938. Kwa kukusanya taarifa hivyo pasipo kufichana, ikadhihirika kuwa chimbuko la nzige wekundu ni sehemu chache tu, zikiwamo Mweru wa Ntipa na bonde letu hili. Na mwaka 1949 ikaundwa idara ya kimataifa ya kuwadhibiti, makao yake Abercorn, ambayo sasa ni Mbala.

Lakini elimu iliyokuwa wazi baina ya serikali haikuwa wazi kwa mkulima, maana iliandikwa kwa Kiingereza na Kifaransa. Na elimu isiyomfikia mwenyeji huzaa uvumi: katika miaka hiyohiyo ya 1930, ng'ambo ya mpaka, Northern Rhodesia, ambayo sasa ni Zambia, kazi ya kupambana na mbung'o ilifuatana na uvumi wa banyama, wanyonya damu. Nami siwalaumu walioamini, kwa kuwa mgeni apimaye vichaka vya watu bila kuwaeleza huwaachia hofu imweleze.

Mwaka 2009 nyanda za Rukwa, pamoja na Katavi na bonde la Malagarasi, zilinyunyiziwa kuvu liitwalo Metarhizium, liualo nzige, badala ya sumu za kawaida, na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa likatangaza khabari hizo kwa ulimwengu. Mvuvi aulizapo ni kitu gani kinachomwagwa juu ya nyasi za ziwa lake, jibu limekwisha chapishwa. Natamani alisome kwa Kiswahili, hapa Mtowisa, kabla helikopta haijaruka.