Mkokotoni, Majongoo na Wachina wa Unguja

Mkokotoni inatazamana na kisiwa cha Tumbatu, na habari za Wachina Unguja naona zianzie hapo. Mji wa kale wa Makutani, Tumbatu, ulishamiri karne ya 12 na 13. Waliochimbua magofu yake walikuta vigae vya vyombo vya Kichina. Ng'ambo, Mkokotoni, zikatoka shanga za kioo kwa wingi. Mwaka 1225 Zhao Rugua, ofisa wa biashara ya baharini huko Quanzhou, aliandika habari za nchi ya Cengba, yenye Waislamu, pembe za ndovu na ambari. Wataalamu wengi wanaona ni pwani yetu hii. Kusini, Kajengwa karibu na Makunduchi, mwaka 1945 zilifukuliwa sarafu za Kichina. Zilizotambuliwa ni 176, nyingi za enzi ya Song.

Mali hiyo ya Kichina ilikuja kwa mikono ya wengi, Wahindi na watu wa Ghuba wakiwemo. Wachina wa kuishi walikuja baadaye sana, miaka ya 1930, wengi wao wenyeji wa Guangdong. Walifuata kitu ambacho Muunguja hakukitia chunguni: jongoo bahari, pamoja na mapezi ya papa.

Kazi ya jongoo inastahili kuelezwa. Bamvua ikifika na maji yakitoka, jongoo mchanga huokotwa kwa mkono. Wa vina virefu, kama spinyo mama, hufuatwa na wazamiaji. Jongoo mchanga hupasuliwa, hutolewa matumbo, huchemshwa, hufukiwa mchangani ili ngozi yake ya chokaa ilegee, husuguliwa, huchemshwa tena, kisha huanikwa mpaka akauke kabisa. Mzigo wa kilo mia moja hubaki chini ya kilo kumi. Ukikosea moto, ngozi hupasuka na bei huanguka. Huko China chakula hiki hupamba karamu, hasa za Mwaka Mpya, na kwa hiyo mzigo uliotoka Unguja uliishia kwenye meza za koo za huko.

Naamini kazi hii ndiyo iliyowaweka pamoja Wachina wale wachache wa Unguja, kizazi baada ya kizazi, kuliko jumba lolote ambalo wangelijenga. Baada ya Mapinduzi ya 1964 baadhi yao waliondoka. Wakati huohuo walianza kuja Wachina wa namna nyingine: madaktari wa jimbo la Jiangsu, ambao timu zao zimekuwa zikipokezana Unguja na Pemba tangu mwaka huo. Wao hukaa na kurudi. Wenye jongoo walizaa hapa, na nasikitika kuwa wao ndio walioandikwa kidogo zaidi. Siku hizi kijana wa Kiunguja anaweza kujifunza Kichina katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA). Ni jambo jema, ila lugha hiyo ilishasemwa hapa kabla babu yake hajaoa.

Kupasua na kuanika sasa kuko mikononi mwa Waswahili, na Mkokotoni ni miongoni mwa mahali panapojulikana kwa kazi hiyo. Tanzania Bara ilipiga marufuku uvunaji wa majongoo mwaka 2003. Zanzibar ikaendelea, na majongoo ya thamani yakapungua sana. Kituo cha kutotolesha viumbe wa baharini cha Beit-el-Ras sasa huzalisha vifaranga vya jongoo mchanga, ili wafugaji wawakuze ndani ya uzio baharini.