Dubai Ilivyojengwa kwa Boriti za Kwetu

Mkulima wa Rugu, Karagwe, akiwa shambani kwake anakanyaga juu zaidi ya ncha ya jengo refu kuliko yote duniani. Mnara wa Burj Khalifa wa Dubai una mita 828, lakini umesimama kwenye mchanga wa pwani. Ziwa Victoria, ambalo maji ya nyanda za Karagwe huteremkia, liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari.

Huo ni utani wa jiografia tu. Deni la Dubai kwa Afrika Mashariki, hata hivyo, ni la kweli.

Kabla mafuta hayajagunduliwa mwaka 1966, Dubai ilikuwa mji wa wapiga mbizi wa lulu na wachuuzi, kando ya hori. Miti ya kujengea haikuwepo. Kuta zilikuwa za mawe ya matumbawe na jasi, na dari zilibebwa na boriti za mikoko kutoka Lamu na delta ya Rufiji. Majahazi yalishuka na kaskazi yakileta tende na chumvi, yakarudi na kusi yamesheheni boriti. Urefu wa boriti ndio uliopima chumba: upana haukuzidi sana mita tatu na nusu. Tajiri aliyetaka sebule kubwa aliirefusha, kuipanua hakuweza. Hata minara ya kunasa upepo, barajili, ilitokeza ncha za boriti kutani.

Kisha ikaja zege. Mwaka 1979 Malkia Elizabeth II alizindua jengo la World Trade Centre, la ghorofa 39, wakati huo likiwa karibu peke yake jangwani. Kenya ilipopiga marufuku kusafirisha mikoko nje mwaka 1982, Ghuba ilikuwa imekwisha kuhamia kwenye saruji na chuma.

Burj Khalifa ulianza kujengwa mwaka 2004 kwa mchoro wa Mmarekani Adrian Smith. Nguzo 192 za msingi zilizamishwa ardhini kiasi cha mita 50. Wakati wa kiangazi zege ilimwagwa usiku, imechanganywa na barafu, isije ikakauka kwa pupa na kupasuka. Vibarua wengi walitoka Asia ya Kusini, na ujira wao mdogo hautajwi sana kwenye sifa za mnara huo.

Mnara uliitwa Burj Dubai hadi siku ya uzinduzi, Januari 4, 2010. Wiki chache kabla, Abu Dhabi ilikuwa imeiokoa Dubai na madeni kwa dola bilioni 10. Jina likawa la mtawala wa Abu Dhabi wakati huo, Sheikh Khalifa. Mwenye pesa hakosi heshima.

Wewe unayekwenda kufungasha bidhaa mtaa wa Deira, Dubai, vuka hori kwa mashua ya dirham moja, uingie mtaa wa kale wa Al Fahidi na utazame dari. Hapo hakuna lifti wala kiingilio cha kupanda ghorofani, na miti iliyobeba paa utaitambua.