Telefone imeflashiwa, kufuli ya skrini inakataa: mambo ya kuangalia

Telefone imerudi kutoka kwa fundi. Inawaka, rezo inaingia, WhatsApp inafunguka. Unataka kuweka namba ya siri, na hapo ndipo shida inaanza. Saa ingine inakuandikia kwamba Mipangilio imesimama. Saa ingine inakubali namba vizuri, halafu ukizima skrini na kuiwasha tena, inasema namba ile ile si sahihi. Iko watu wanaochoka na kuacha telefone wazi hivyo hivyo, kila mtoto wa nyumba anaifungua. Kwetu Nyankunde, ambako M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money ndiyo benki ya watu wengi, kuiacha wazi ni hatari.

Kuflashi ni kuondoa mfumo wa Android uliokuwa ndani na kuandika mwingine mahali pake. Lakini namba yako ya siri haikai ndani ya mfumo huo kama jina kwenye daftari. Tangu Android 6, iliyotoka mwaka 2015, kwa kawaida namba inahakikishwa katika sehemu ya chipu iliyofungwa, ambayo programu zingine haziwezi kuisoma. Mfumo na chipu lazima visikilizane. Fundi akiweka mfumo mpya bila kufuta data za zamani, ao akitumia faili za telefone inayofanana tu na yako, usikilizano huo unavunjika. Kwa hiyo usijilaumu kwamba umesahau namba uliyoiweka dakika tano zilizopita.

Kama telefone bado inakuruhusu kuingia, anza na mambo mepesi. Izime, iwashe tena. Angalia tarehe na saa, ju nyingine zikitoka kuflashiwa zinarudi nyuma miaka mingi, na hapo akaunti ya Google inakataa kufunguka. Kufuli ikiendelea kukataa, dawa ni kufuta data zote. Hamisha kwanza picha na namba za watu. Kisha ingia Mipangilio, ambayo telefone nyingi za hapa zinaiandika Paramètres, ondoa akaunti ya Google, ndipo ufute data zote kutoka mle mle ndani.

Utaratibu huo una sababu yake. Tangu Android 5.1, telefone iliyofutwa kwa vitufe vya pembeni inaweza kudai akaunti ya Google iliyokuwemo mbele ya kufutwa. Ulinzi huo uliwekwa ju ya wezi, lakini unamkamata pia mwenye mali aliyesahau neno lake la siri. Na ukiwa umenunua telefone mkononi mwa mtu, halafu inadai akaunti usiyoijua, mrudie aliyekuuzia, aiondoe yeye. Mafundi fulani watakuambia wanajua kuruka hatua hiyo. Mimi ningeuliza kwanza telefone ilitoka wapi.

Kama telefone imeshajifunga na namba mpya inakataa, usiendelee kubahatisha. Baada ya makosa matano hivi inakulazimisha kungoja, kwanza sekunde 30, kisha muda unaongezeka. Hapo vitufe ndivyo vinabaki: toa kadi sim na kadi ya kumbukumbu, zima telefone, bonyeza pamoja kitufe cha kuwasha na kile cha kuongeza sauti (modeli zingine zinataka cha kupunguza), halafu chagua mstari wa kufuta data zote. Picha zilizo ndani ya telefone zitaenda. Kwenye telefone za miaka hii data inaandikwa kwa kufichwa, na ufunguo ukifutwa hakuna fundi wa kuirudisha.

Umefuta yote na bado inakataa? Basi faili zenyewe si zake. Telefone mbili zinaweza kubeba jina moja dukani na kuwa na chipu tofauti ndani, kwa hiyo fundi atafute faili kwa namba kamili ya modeli. Kama chipu ni ya MediaTek, asichague kufuta kila kitu mpaka chini kabisa, maana anaweza kufuta IMEI pamoja, na telefone bila IMEI mara nyingi inakosa rezo. Piga *#06# mbele ya kazi, andika namba hizo kwenye karatasi, uzilinganishe baadaye.

Alama ya kidole ina mambo yake. Haikubali mpaka kwanza uweke namba ao mchoro. Baada ya kuzima na kuwasha, telefone itadai namba hata kama kidole ni chako. Hiyo si ugonjwa. Lakini nafasi ya kidole ikipotea kabisa kwenye Mipangilio baada ya kuflashi, fikiria tena faili zisizo zake.

Tena, watu wanachanganya namba ya skrini na PIN ya kadi sim. Ya kadi sim ukiikosea mara tatu, inadai PUK yenye tarakimu nane. PUK nayo ukiikosea mara kumi, kadi imekufa, utaomba nyingine. Soma vizuri skrini inadai nini mbele ya kuandika.

Bunia ni kilomita kama 45, na kurudi kwa fundi mara ya pili ni franga zingine za moto. Kwa hiyo usilipe ukiwa umeona tu telefone inawaka. Weka namba ya siri palepale kwenye meza yake, funga skrini, fungua, zima telefone kabisa, iwashe, fungua tena. Ikipita hapo, lipa. Kadi sim ikae mfukoni mwako muda huo wote. Fundi haihitaji ili kuflashi.