Alizeti Kwenye Kopo

Mwezi Machi, alfajiri, nilikata kichwa cha alizeti katika shamba lililo nje kidogo ya mji wa Singida, nikakitia kwenye kopo la maji ili nijifunze kukichora. Kufika saa nne kilikuwa kimeinamisha shingo, nami bado nakoroga rangi ya njano. Kumbe shida hiyo ina historia.

Wachoraji wa Uholanzi wa karne ya 17 waliikwepa kwa ujanja. Walichora ua mojamoja kila lilipochanua, kisha wakayakusanya kwenye picha moja, hata maua ya Aprili yakakaa chombo kimoja na ya Agosti. Chombo kile hakikuwahi kuonekana juu ya meza ya mtu yeyote.

Vincent van Gogh hakutaka ujanja huo. Agosti 1888, mjini Arles, kusini mwa Ufaransa, aliamka na jua akapaka mfululizo kabla alizeti zake hazijanyauka. Katika muda wa kama wiki moja alitoa picha nne, za kupamba nyumba aliyotaka kumpokelea mchoraji mwenzake Paul Gauguin. Ile iliyopo National Gallery, London, ina maua 15, na baadhi yamekwisha pukutika, yamebaki mbegu tu. Napenda hayo kuliko yaliyochanua. Tena njano ya kromi aliyoitumia hubadilika kuwa kahawia inapopigwa na mwanga mwaka hadi mwaka: hata ua la rangi linanyauka, polepole.

Kwetu Tanzania somo la kuchora lilipita njia nyingine. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, kwa rangi za kupakia baiskeli, juu ya vipande vya hadibodi. Vijana walikaa kando yake wakitazama mkono, wakajaza rangi, wakaja kuchora picha zao. Alipouawa kwa risasi mwaka 1972, ufundi ulikuwa umeshashika mikono mingine. Hapakuwa na kopo la maji hapo. Chui aliyechorwa alitoka kichwani.

Mwenye shamba alipopita akacheka. “Umelikata bichi, mwanangu. Likikomaa mgongo wake hugeuka njano, ndipo tunalikata.”

Nikaligeuza. Mgongo ulikuwa kijani, wenye vinyweleo vigumu vilivyonikwaruza kidole. Nikaanza upya, nikalichora kwa nyuma.