Tafakari ya Jumamosi, Tandale

Masika yalipouleta Mto Ng'ombe hadi mlangoni kwetu, mama aliwahi kuokoa vitu viwili: gunia la maharage ya biashara na kitabu chake cha tafakari za kila siku. Maharage yalipona. Kitabu kililowa, nikakianika uani kwenye kamba ya nguo, nikawa nakisoma kadiri kurasa zilivyokauka. Kila siku iliahidi jambo: mlango kufunguka, adui kuaibika, deni kufutwa. Hakuna siku iliyouliza kwa nini maji huingia Tandale na si Masaki.

Jumamosi iliyofuata jumuiya ingesali kwetu, na zamu ya kuongoza tafakari ilikuwa ya mama. "Wewe si unasoma historia? Nitafutie cha kusoma," akaniambia. "Ila usiniletee cha kutuambia tumepungukiwa imani." Wiki iliyopita mgeni mmoja alikuwa ametushauri sisi tuliofurikiwa tujichunguze mioyo.

Nilianza na simu. Vitabu vya tafakari kwa Wakristo wanaoipima imani kwa haki, kwa usawa wa wanawake na wanaume, kwa hali ya maskini, vipo. Nilivyovipata vilikuwa vya Kiingereza, vingi vya Wamarekani, vilivyoandikwa kwa mtu anayeamka peke yake katika chumba chenye utulivu. Mama huamka saa kumi alfajiri awahi malori ya nafaka sokoni, na nyumba yetu ina vyumba sita na familia sita. Ningemtafsiria maneno, lakini chumba kile ningemtafsiriaje?

Nikarudi kwenye rafu nilizokuwa nazipita kila siku nikiandaa tasnifu. Mwaka 1970, Julius Nyerere aliwahutubia masista wa Maryknoll kule New York. Hakuwapongeza kwa misaada yao. Aliwaambia kwamba Kanisa lisiposhiriki kupinga mifumo inayowafanya watu kuwa maskini, litapoteza maana yake, na Ukristo utageuka ushirikina wa watu waoga. Alikataa kabisa kumwazia Mungu mnyonge na aliyeonewa, ilhali hali hiyo ndiyo waliyokuwa nayo wengi wa wale walioumbwa kwa mfano wake.

Miaka hiyohiyo Christopher Mwoleka, askofu wa Rulenge, alikwenda kuishi katika kijiji cha ujamaa. Kwake Utatu Mtakatifu haukuwa fumbo la kutegua. Ulikuwa mfano wa kuishi: nafsi tatu zinazoshirikiana kila kitu. Na mwaka 1973 maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, katika mkutano wa AMECEA jijini Nairobi, waliamua Kanisa lijengwe kuanzia jumuiya ndogondogo, majumbani mwa watu. Mikeka tuliyokuwa tunaikausha kwa ajili ya Jumamosi ilikuwa na historia hiyo.

Lakini historia haikubali kukatwa vipande vitamu tu. Kijiji ambacho Mwoleka alikiingia kwa hiari, wengine walipelekwa kwa nguvu wakati wa Operesheni Vijiji. Nyerere aliyewasemea wanyonge New York ndiye aliyetawala kwa sheria ya 1962 ya kuwaweka watu kizuizini bila kufikishwa mahakamani. Kwa hiyo sikumtafutia mama nabii. Nilimtafutia kitabu.

Nacho nilikipata palepale. Mwaka 1996, baada ya kung'atuka, Nyerere alichapisha Injili zote nne na Matendo ya Mitume katika tenzi, kupitia wachapaji Wabenediktini wa Ndanda na Peramiho. Mtu huyohuyo alikuwa ameshamtafsiri Shakespeare. Safari hii alichagua umbo ambalo Waislamu wa pwani walikuwa wamelitumia kwa karne nyingi kufundishia dini: Utenzi wa Tambuka uliandikwa mwaka 1728, na Mwana Kupona alimwachia binti yake wosia kwa umbo hilo mwaka 1858. Ni mizani nane kwa nane, maneno ya kushikwa kichwani. Hata asiye na kitabu anaweza kubaki nayo.

Jumamosi mama alisoma habari ya tajiri na Lazaro kutoka Luka. Alianza kwa kusoma, akajikuta anaghani. Mpangaji wa chumba cha mwisho, mama wa Kiislamu kutoka Kilwa, alikuwa anachambua mchele mlangoni kwake. Akaacha kuchambua. "Huo si utenzi?" akauliza. "Bibi yangu alikuwa akitughania hivyohivyo."

Mama akamsogezea mkeka. Tulipofika kwenye kushirikishana, hakuna aliyeulizwa ana imani kiasi gani. Mzee mmoja alisema Lazaro alikuwa mlangoni kabisa, tajiri hakuweza kusema hakumwona. Mwingine akasema basi nasi tumtaje anayetupa taka mtoni usiku, kwa kuwa tunamjua. Mpangaji wa Kilwa akasema serikali ya mtaa iliahidi mtaro, na yeye yuko tayari kwenda ofisini Jumatatu kama hatakwenda peke yake. Wakajitokeza wanne.

Sijui kama mtaro utachimbwa. Kitabu cha zamani cha mama kimekauka, kimejikunja, bado anakisoma asubuhi baadhi ya siku, nami simkatazi. Kile cha tenzi nilipaswa kukirudisha maktaba wiki iliyopita. Kipo chumba cha mwisho.