Jiwe Linajulikana, Mkono Haujulikani: Urani ya Kongo na Hoja ya Kisasi

Tangu mwaka 2006 baadhi ya wataalamu wa Marekani, wakiwemo Robert Gallucci na Graham Allison, wamependekeza kupanua tishio la kisasi cha nyuklia. Kundi lisilo na dola likilipua bomu, wanasema, maabara ichunguze masalia, ibaini malighafi ilitoka nchi gani, kisha nchi hiyo iwajibishwe. Hofu ya kisasi itaifanya kila serikali ilinde ghala zake. Korea Kaskazini ilipofanya jaribio lake la kwanza Oktoba 2006, Rais George W. Bush aliionya kwa msimamo kama huo.

Kwa anayeitazama hoja hii kutoka Ediofe, mjini Arua, Uganda, kasoro yake haijifichi. Mpaka wa Kongo uko karibu, kupitia Vurra na Lia. Kule Koboko, Salia Musala ndipo Uganda, Kongo na Sudan Kusini zinapokutana. Bidhaa huvuka hapa kila siku, nyingine kwa hati, nyingine kwa njia za panya.

Sayansi yenyewe siibishii. Maabara kama ile ya Karlsruhe, Ujerumani, hupima uwiano wa isotopu, madini adimu yaliyoandamana na urani, na thori iliyojikusanya tangu urani iliposafishwa mara ya mwisho. Hivyo hukadiria umri wake na mahali ilikotoka. Ninachokataa ni kuruka kutoka chanzo hadi hatia.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni fimbo ya fueli iliyokamatwa na polisi wa Italia mwaka 1998, mikononi mwa watu wa mafia waliokuwa wakitafuta mnunuzi. Ilitengenezwa Marekani na kampuni ya General Atomics, ikapelekwa Zaire, Kongo ya leo, kwa ajili ya kinu cha utafiti katika Chuo Kikuu cha Kinshasa, ikatoweka, ikaibukia Ulaya. Urani iliyokuwamo ilirutubishwa chini ya asilimia 20, kwa hiyo haikufaa kutengenezea bomu moja kwa moja. Lakini tuchukulie kwamba ingefaa, na kwamba bomu limeshalipuka. Kisasi kimwangukie nani? Maabara ingeelekeza kwa mtengenezaji, na mtengenezaji ni Mmarekani. Kumbukumbu za shehena zingeelekeza Kinshasa, ambako serikali iliibiwa, haikuuza. Wauzaji walikuwa Italia, mwanachama wa NATO. Sidhani kuna mtetezi wa hoja hii ambaye angependekeza Roma ishambuliwe. Kinshasa, naamini, isingepewa subira hiyo.

Historia inaipa hofu hii uzito. Urani ya bomu la Hiroshima ilitoka kwa sehemu kubwa Shinkolobwe, Katanga, mgodi wa kampuni ya Kibelgiji ya Union Minière. Mkurugenzi wake, Edgar Sengier, alihifadhi zaidi ya tani 1,000 za mawe ya urani hiyo Staten Island, New York, tangu 1940, na jeshi la Marekani likayanunua 1942. Chanzo kilijulikana kikamilifu, na Mkongo aliyeyachimba hakuamua lolote.

Watetezi wa kisasi watajibu kwamba bila tishio, serikali dhaifu zitazembea. Lakini Januari 2004 Rais Joseph Kabila alitia saini amri ya kufunga Shinkolobwe. Julai mwaka uleule sehemu ya mgodi ikaporomoka na kuua wachimbaji wadogo waliokuwa bado wakitafuta kobalti. Amri ilikuwepo, walinzi wa kutosha hawakuwepo. Kombora haliajiri mlinzi.

Dhahabu ya Ituri, mashariki mwa Kongo, ambayo sehemu yake hupitia Ariwara hadi Arua, inatufundisha jambo jingine. Mahakama ya Kimataifa ya Haki, katika hukumu ya Februari 2022, iliitaka Uganda iilipe Kongo fidia ya vita ya dola milioni 325, kati yake milioni 60 kwa maliasili. Majaji walitaja jumla moja ya maliasili kwa sababu ushahidi haukutosha kupima hasara ya kila moja. Ikiwa mahakama, baada ya miaka ya kusikiliza, ilitamka kwa tahadhari kiasi hicho, jenerali atakayepewa saa chache atatamka nini?

Kifungu cha 10 cha Mkataba wa Pelindaba, unaoifanya Afrika eneo lisilo na silaha za nyuklia na unaotumika tangu 2009, kinazitaka nchi wanachama kulinda malighafi ya nyuklia, na tume yake iko Pretoria. Tume hiyo ndiyo inayostahili kumiliki hazina ya sampuli za urani za Afrika, ili ushahidi wa Shinkolobwe au wa Mto Mkuju, Tanzania, usisomwe na mataifa yenye mabomu peke yao. Fedha za vipimo zianzie Vurra na Oraba, kwenye mpaka wa Sudan Kusini: vifaa vya kugundua mionzi, na maofisa wa forodha wanaolipwa kwa wakati.