Kombi za Mwisho wa Reli

Watoto wa Ujiji walikuwa wakihitimu kabla ya Baraza la Mitihani, kabla ya Cambridge, kabla hata ya reli. Mtoto alipelekwa chuoni kwa mwalimu wa Korani, akaanza na alifu na bee kwenye ubao, akaingia juzuu amma, akapanda hivyo hivyo mpaka akamaliza juzuu zote 30. Sharti lilikuwa hilo moja na mtaa mzima ulilijua. Siku ya kumaliza, sinia la ubwabwa lilitoka, wazee wakasoma dua, na hakuna aliyemuuliza kijana kama anachukua sayansi au sanaa. Babu yangu mzaa mama alihitimu namna hiyo. Hadi anafariki aliweka hesabu za biashara yake ya chumvi ya Uvinza kwa herufi za Kiarabu, na sijasikia mteja aliyewahi kumshinda kwenye deni.

Mapadri Weupe walifika Ujiji mwaka 1879, ila shule zao zilishika mizizi zaidi kule juu, Uha. Kisha Februari 1914 reli ya Mjerumani ikafika Kigoma, na kuanzia hapo elimu ya kijana wa huku ikawa na dira moja tu: mashariki, Tabora. Chini ya Waingereza, Kigoma ikaja kuwekwa ndani ya Jimbo la Magharibi, makao yake Tabora. Shule kubwa ya Serikali nayo ikawa Tabora, ikikusudiwa hasa wana wa machifu. Julius Nyerere aliingia pale mwaka 1937. Kwa kijana wa kawaida wa Uha, Serikali ilikuwa na mpango mwingine: manamba. Aliandikishwa, akapandishwa treni ile ile, akapita Tabora bila kushuka, akaenda kukata mkonge Tanga. Kwa miaka mingi treni ya Kigoma ilibeba wakata mkonge wengi kuliko wanafunzi.

Wale wachache waliofika sekondari walikutana na sharti la Cambridge. Karatasi zilisahihishwa Uingereza, na cheti kilitolewa kwa mkupuo, siyo somo moja moja. Ulitakiwa kufaulu masomo yasiyopungua sita, na Kiingereza lazima kiwemo. Ukifaulu hesabu, jiografia na mengine yote, kisha Kiingereza kikakuangusha, cheti hukipati. Mjomba wangu mmoja alikwama hapo. Alikuwa hodari wa hesabu kiasi kwamba wahasibu wa bandarini walimtafuta jioni awasaidie kusawazisha vitabu, lakini kazini alibaki tarishi.

Baada ya Uhuru mambo yalikwenda kasi. Elimu ya Kujitegemea ikatangazwa Machi 1967, na mwaka huo huo likaundwa Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki. Tanzania ikajitoa humo mwaka 1971, na mwaka 1973 sheria ikaunda Baraza letu la Mitihani la Tanzania. Halafu likaja Azimio la Musoma, Novemba 1974. Hilo lilibadili kabisa masharti ya kuhitimu na kuendelea. Alama za kazi za darasani zikaanza kuhesabiwa pamoja na mtihani wa mwisho. Tabia na bidii ya kazi vikaingia kwenye tathmini. Anayetaka chuo kikuu akatakiwa afanye kazi kwanza, apate na maneno mazuri ya mwajiri na ya chama. Wasichana tuliondolewa kwenye sharti hilo la kazi mwaka 1976, na sikumbuki msichana aliyelalamika.

Mimi nilianza kidato cha kwanza mwaka huo huo wa 1976, shule ya bweni ya wasichana ambayo sitaitaja. Tuliondoka Kigoma kwa waranti za Serikali, daraja la tatu, tranka chini ya miguu, na ndani ya tranka dagaa wakavu wa kutosha muhula mzima. Uvinza, Malagarasi, Nguruka, Kaliua, Urambo: kila stesheni tuliijua kwa harufu ya kinachouzwa dirishani.

Wakati ule kila sekondari ilikuwa na mchepuo: kilimo, biashara, ufundi au sayansikimu. Vijana wa leo hudhani tulichagua. Hatukuchagua. Wewe ulipangiwa shule, na shule ilishapangiwa mchepuo wake. Shule yangu ilikuwa ya sayansikimu, na ratiba iliweka upishi na ushonaji katika vipindi vile vile ambavyo wengine walisoma fizikia. Nilikwenda kwa mwalimu kumweleza kwamba nataka kuwa daktari. Akanitazama juu ya miwani, akasema, "Binti, ratiba haivunjwi kwa ajili ya mtu mmoja." Nikajifunza kushona ukosi wa shati. Mpaka leo ninaushona vizuri sana.

Bila fizikia, PCB, yaani fizikia, kemia na baiolojia, ilikuwa imeshafungwa kabla sijafika kidato cha nne. Fomu ya machaguo ilipokuja mwaka 1979, nilijaza CBG: kemia, baiolojia, jiografia. Baba, fundi cherehani wa Ujiji, alinisikiliza nikimsomea herufi zile tatu, akauliza kama CBG inatoa ajira. Nikamwambia inatoa walimu. Akasema, "Alhamdulillahi," akarudi kwenye cherehani. Nikamaliza kidato cha sita, nikaenda JKT kama wenzangu wote, nikasoma ualimu, na maisha yangu yote ya kazi nimefundisha baiolojia mkoani Kigoma. Miaka mingi ya mwisho nilikuwa mwalimu wa taaluma, yule mtu ambaye meza yake huzama chini ya fomu za kombi. Serikali inasema tahasusi. Wanafunzi na wazazi wanasema kombi, nami nitasema kombi.

Ni katika meza ile nilipoona jinsi uchaguzi ulivyofanyika kweli. Wakati huo mtoto wa sekondari alikuwa na masomo saba yasiyokwepeka hadi kidato cha nne: Uraia, Historia, Jiografia, Kiswahili, Kiingereza, Baiolojia na Hisabati. Fizikia na kemia alizisoma miaka miwili tu kwa lazima. Akiingia kidato cha tatu aliruhusiwa kuziacha. Hapo ndipo njia ilipogawanyika, na mzazi alikuwa hana habari. Yeye alisubiri matokeo ya kidato cha nne ndipo aanze kuzungumzia udaktari.

Asubuhi moja alinijia mama mmoja kutoka Kibirizi, mchuuzi wa dagaa, khanga bado ina magamba.

"Bi Mwalimu, wameniambia mwanangu kapata trii. Trii si ndiyo kafaulu?"

"Kafaulu, mama. Kaa tuhesabu."

Nikageuza karatasi. A ni pointi 1, B 2, C 3, D 4, F 5. Uraia C, tatu. Historia B, mbili. Jiografia C, tatu. Kiswahili B, mbili. Kiingereza D, nne. Baiolojia C, tatu. Hisabati F, tano. Jumla 22. Divisheni wani ni pointi 7 hadi 17, tuu ni 18 hadi 21, trii inaanza 22 na kuishia 25, foo inakwenda hadi 33, na 34 au 35 ni ziro.

"Kumbe kakosa moja tu apate tuu!"

"Moja tu. Hisabati ingekuwa D, angekuwa na 21."

Nikamweleza kwamba kwa kidato cha tano jambo la kwanza ni kuwa na C au zaidi katika masomo matatu ya kombi yenyewe, na mwanawe anayo Historia, Jiografia na Kiswahili: HGK imesimama, ila fizikia haimo kwenye karatasi yake. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza swali ambalo sijawahi kusikia afisa elimu akiliuliza: "Sasa hiyo fizikia aliiacha lini, na nani alimruhusu?"

Aliiacha Januari ya kidato cha tatu, na hakuna aliyemkataza, kwa sababu shuleni hapakuwa na mwalimu wa fizikia. Sekondari za kata zilijengwa kwa wingi kuanzia mwaka 2004, na mimi ni shahidi kwamba bila hizo maelfu ya watoto wa mwambao wangeishia darasa la saba. Lakini majengo yalikwenda mbele, walimu wa sayansi wakafuata kwa mwendo wa kobe, maabara zikaja nyuma zaidi. Mtoto wa Kalya, huko kusini ambako zamani ulingoja meli ya Liemba ipite ndipo ufike mjini, aliacha fizikia kama mtu anavyoacha chakula ambacho hakikupikwa. Ongeza na Ziwa Tanganyika lenyewe. Siku za giza, mwezi ukiwa haupo, taa zinawaka majini usiku kucha na vijana wa kidato cha tatu wako kwenye mitumbwi. Kulipokucha nilifundisha chembe hai kwa mgongo wa kijana aliyelala. Mbalamwezi ikirudi, darasa liliamka. Nilifika mahali nikapanga majaribio yangu kwa kalenda ya mwezi, na mkaguzi mmoja aliponihoji nilimkaribisha alale Katonga usiku mmoja aone.

Ng'ambo ya ziwa, Kongo, wanafanya vingine. Kalemie na Uvira, mwanafunzi huingia mkondo wake mapema, biokemia, ualimu au biashara, akaumaliza kwa mtihani wa dola, na akipata asilimia 50 amehitimu. Wakongomani waliokimbilia kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, iliyofunguliwa mwaka 1996, walikuja na mtaala wao, na watoto wao wamekuwa wakiufanya mtihani huo wakiwa ndani ya Tanzania. Anayetaka kuendelea na masomo kwetu hupeleka cheti chake Baraza la Mitihani kikalinganishwe na chetu. Nimewahi kumsaidia binti wa aina hiyo kujaza makaratasi. Alikuwa amesoma fizikia nyingi kuliko darasa langu zima.

Vipimo vyenyewe navyo havikutulia. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yalipotoka Februari 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa nchini walikuwa na ziro. Serikali ikayafuta, yakapangwa upya. Mwaka 2014 divisheni zikaondolewa, tukapewa GPA, na wazazi wakaja kuniuliza kama 2.1 ni nyingi au chache. Mapema 2016 Profesa Joyce Ndalichako, aliyewahi kuwa Katibu Mtendaji wa Baraza na wakati huo Waziri wa Elimu, akaagiza divisheni zirudi. Mwaka 2020 watu wa Kasulu Mjini walimchagua kuwa mbunge wao. Kwa kuiondoa GPA, sisi huku hatukumlaumu.

Nilipostaafu, kombi zilikuwa hazizidi 16. Machi 2024 zikatangazwa 65, zikiwamo za michezo, sanaa na elimu ya dini, na waliomaliza 2023 wakafunguliwa mfumo wabadili machaguo. Mtaala mpya umeleta pia mkondo wa amali, na Rais Samia Suluhu Hassan aliizindua rasmi sera ya elimu ya mtaala huo Dodoma tarehe 1 Februari 2025. Nakiri, amali inanikumbusha michepuo ya ujana wangu, ila safari hii naambiwa mtoto ataulizwa. Ada ya kidato cha tano na sita imefutwa tangu 2022, na hilo ni jambo kubwa kuliko kombi zote 65. Mjukuu wangu alinisomea orodha ile kwenye simu, macho yanameta. Nikamuuliza shule yake ina walimu wangapi wa sayansi. Akahesabu vidole, mkono mmoja ukambakia mtupu.

Kwa hiyo, mzazi wa Gungu, wa Bangwe, wa Kibirizi au wa Kalya, usisubiri matokeo. Mwanao akiwa kidato cha pili, kabla ya likizo ya Desemba, nenda shuleni kwake uulize mambo matatu: nani anafundisha fizikia, nani anafundisha kemia, na maabara ina nini ndani. Ukijibiwa kwamba hakuna mtu, usirudi nyumbani kimya. Peleka hoja kwenye bodi ya shule, kisha kwa diwani, tena uende pamoja na wazazi wenzako. Ikifika Januari ya kidato cha tatu, umeshachelewa.